Bwana Akija, Atakukuta Ukifanya Nini?

Kila vita inapolipuka, kila tetemeko la ardhi linapotangazwa, simu za waumini hujaa video. Muziki wa kutisha, picha za moto, sauti nzito inayosema muda umekwisha, na chini yake maneno: watumie wapendwa wengine kumi. Nimelea kikundi cha maombi kwa miaka mingi na naijua hali inayofuata. Kwa wiki moja hivi mkesha unafurika, watu wanalia, wanatubu kwa sauti. Kisha habari inapoa na wao wanapoa nayo, mpaka ije video nyingine.

Inaniuma, kwa sababu naipenda ahadi ya kurudi kwa Bwana. Si fundisho la pembeni. Ungamo la imani la Nikea, la karne ya 4, linasema atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na sehemu kubwa ya Wakristo duniani wanalikiri hadi leo. Tumaini kubwa namna hii halistahili kugeuzwa kuwa kitisho cha msimu.

Chukua Mathayo 24 na 25 uzisome kwa pamoja, bila kurukaruka. Wanafunzi wanamwuliza Yesu pale Mlima wa Mizeituni: lini, na dalili ni nini? Anawatajia vita, njaa na matetemeko, lakini angalia anachosema juu ya hayo: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Halafu, badala ya kuwapa ratiba, anaanza kuwasimulia habari za mtumwa aliyeachiwa nyumba, wanawali kumi, talanta, kondoo na mbuzi. Katika habari hizo zote hakuna hata mmoja anayesifiwa kwa kupiga hesabu ya wakati. Yule mtumwa anasifiwa kwa kuwapa watu chakula kwa saa yake. "Heri mtumwa yule, ambaye bwana wake, ajapo, atamkuta akifanya hivyo."

Akifanya hivyo, yaani akipakua chakula. Ndiyo maana mtu anaponijia na hofu ya siku za mwisho, siku hizi naanza kwa kumwuliza: Bwana akija jioni hii, atakukuta ukifanya nini, na nani bado anadai kitu kwako?

Waliopiga hesabu ya tarehe historia inawajua. William Miller, mkulima na mhubiri Mbaptisti wa Marekani, aliusoma unabii wa Danieli, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi kwa Bwana. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvunwa, maana nani atayala? Siku ikapita. Hiram Edson, mmoja wao, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukapambazuka. Siwasomi watu wale kwa dharau. Wengi wao walimpenda Bwana kwa moyo wote, na baadhi walirudi kwenye Maandiko, na kutoka kwao likaja kuundwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863. Lakini yale machozi yangeweza kuepukwa na mstari mmoja wa Mathayo. Karibu na wakati wetu, mhubiri wa Marekani, Harold Camping, alitangaza redioni kwamba unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, ungekuwa tarehe 21 Mei 2011, na mwisho wa dunia 21 Oktoba mwaka uleule. Mwaka 2012 aliandika barua akikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Ungamo hilo naliheshimu.

Kuna yaliyoishia pabaya zaidi. Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya waumini walikufa baada ya kuaminishwa kwamba mwisho umefika. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, wakiwemo watoto, na wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Hapa sitazunguka: mwalimu akikutajia tarehe, akikutaka uuze mali, akikutenga na ndugu zako, akikukataza kupeleka mtoto shule au hospitali, ondoka. Ondoka hata kama anaombea wagonjwa wakapona, hata kama anajua Biblia kukuzidi. Na ukiona mwenzako ameshikwa humo, usimwache peke yake. Endelea kumpigia, endelea kwenda kumwona, na kama kuna mtoto hatarini toa taarifa kwa vyombo vya sheria siku hiyohiyo.

Jambo hili Paulo alilikuta Thesalonike. Kulikuwa na watu waliofadhaishwa na waraka uliodhaniwa kuwa wa mitume, ukidai siku ya Bwana imekwisha kuja. Wengine wakawa hawafanyi kazi, wanazurura tu katika mambo ya wenzao. Ushauri wangu kwa yeyote aliyechoshwa na video ni huu: zima simu, kaa chini usome 1 Wathesalonike yote. Ni sura tano, hazikumalizi nusu saa. Utaona kurudi kwa Kristo kunatajwa katika kila sura, na hata mara moja hakutajwi ili kumtisha mwamini. Na kabla tu ya yale maneno ya parapanda na wafu kufufuka, Paulo anawaagiza watulie, washughulike na mambo yao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao. Parapanda na kazi ya mikono ziko sura moja.

Sasa nije kwenye lile ninalolishikilia kuliko yote. Maandalizi ya siku za mwisho, kwa sehemu kubwa, ni hesabu zetu na watu.

Palikuwa na mama mmoja mjane katika kanisa letu niliyekuwa nikimtembelea alipougua. Chini ya mto wake alikuwa na daftari la shule, jalada limelegea, limeshikwa kwa uzi. Ukurasa wa kushoto aliandika majina ya anaowaombea. Ukurasa wa kulia aliandika anachodaiwa: fedha kidogo alizokopa, chombo cha mtu ambacho hajarudisha, na katikati ya hivyo, mistari kama "maneno niliyomwambia wifi". Akimaliza jambo, analikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na hali yake ile. Akasema, "Mwanangu, sitaki Bwana anikute na kitu cha mtu."

Siku moja aliniomba nimpigie huyo wifi yake, kisha nimshikie simu sikioni kwa sababu mkono ulikuwa hauna nguvu. Hakutoa maelezo marefu wala kujitetea. "Wifi, lile neno nilikukosea. Nisamehe." Upande wa pili kukawa kimya kwa muda, halafu nikasikia mtu analia. Waliongea dakika chache tu. Nilipokata simu akaniambia, "Haya, nipe rula." Nimewaona wahubiri wa unabii wenye chati ndefu za Danieli na Ufunuo, na sijaona kati yao aliyekuwa tayari kuliko mama yule.

Waraka wa Yakobo unaungana naye. Sura ya 5, sehemu ile inayosema kuja kwake Bwana kunakaribia, inaanza na nini? Na matajiri waliojiwekea akiba katika siku za mwisho huku ujira wa wavunaji wao, waliouzuia kwa hila, unapiga kelele. Mfanyakazi wako wa ndani ambaye hujamlipa miezi miwili ni jambo la siku za mwisho. Mpendwa, usiniombe tukeshe pamoja kuomba kuhusu chapa ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo wakati mshahara wake uko mfukoni mwako. Mlipe kwanza, mkesha utatukuta palepale.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika unachodaiwa, kuanzia fedha hadi maneno. Anza na kidogo kinachowezekana leo. Fedha ambazo huna, mwendee mwenyewe umwambie lini utaanza kulipa na kiasi gani, usimkwepe njiani. Kwa aliyekukosea wewe, msamehe mbele za Mungu hata kama hajaja kuomba radhi. Lakini nieleweke vizuri, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa kwa mafundisho ya kusamehe: kusamehe si kurudi chini ya mkono wa anayekupiga, wala si kuficha uhalifu. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukaripoti alichofanya. Na kama uliyemkosea amekwisha kufariki, tubu kwa Mungu, na kama ulimdhulumu mali, warudishie watoto wake.

Kuna upande ambao hakuna mwenzako anayeweza kukusaidia, na hapo ndipo inapokata habari ya wanawali kumi waliotoka na taa kumlaki bwana arusi, watano wapumbavu na watano wenye busara. Wengi huhubiri kana kwamba wapumbavu walilala na wenye busara walikesha. Soma tena: bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala. Usingizi haukuwatenganisha. Kilichowatenganisha ni mafuta waliyobeba kabla hakujawa usiku wa manane, mafuta ambayo saa ile hayakuweza kugawanywa. Watu wamebishana mafuta hayo ni nini. Mimi nayasoma kama maisha yako mwenyewe na Mungu, yale yasiyoazimwa: sala ya mama yako haitakuwa yako, wala upako wa mchungaji wako. Mtu anayetegemea mkesha wa mara moja kwa mwaka anabeba taa bila chupa ya mafuta.

Kuhusu namna ya kuomba sina mengi. Chagua wakati mmoja unaouweza kila siku, hata kama ni dakika kumi na tano, uushike. Soma kitabu kizima cha Biblia kwa mfululizo, si mstari mmoja mmoja unaotumiwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Usiache kusanyiko, Waebrania 10:25 inasema tuzidi kukusanyika kwa kadiri tuonavyo siku ile inakaribia, ingawa wapo wanaoifanya siku ileile kuwa sababu ya kujitenga na kila kanisa. Na usisahau kwamba Luka 21:34 inaweka masumbufu ya maisha haya pamoja na ulafi na ulevi kama vitu vinavyolemea moyo. Wengi wetu hatulewi, lakini tumelewa wasiwasi wa kesho.

Wapo watakaoniuliza msimamo wangu kuhusu unyakuo kabla ya dhiki kuu, yaani kipindi cha mateso makubwa ya mwisho, au miaka 1000 ya kutawala kwa Kristo katika Ufunuo 20. Wakristo wanaompenda Bwana wametofautiana hapo kwa karne nyingi. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliichukua ile miaka 1000 kama wakati wa Kanisa. Fundisho la unyakuo kabla ya dhiki lilienezwa sana na mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19. Jifunze, uwe na msimamo, lakini usivunje undugu kwa ajili yake. Amri za kukesha, kupenda na kufanya kazi hazibadiliki upande wowote utakaosimama.

Hofu nayo ni ya aina mbili. Kuna anayeogopa kwa sababu anajua hajapatana na Mungu. Huyo simtulizi haraka. Namwambia aende kwa Yesu leo, atubu, amwamini yeye aliyekufa na kufufuka kwa ajili yake, na asipime toba yake kwa wingi wa machozi. Na kuna aliyeokoka tayari, anayempenda Bwana, lakini akiamka akakuta nyumba kimya moyo unamlipuka: wamenyakuliwa, nimeachwa! Nimekaa na watu kama hawa, wengine wamebeba hofu hiyo tangu utoto. Huyo nampeleka 1 Yohana 4, panaposema tuwe na ujasiri katika siku ya hukumu, na kwamba katika pendo hamna hofu. Anayekuja ndiye yuleyule aliyekufa kwa ajili yako. Hatakuja akiwa mtu mwingine. Na kama hofu inakunyima usingizi na chakula kwa majuma, zungumza na mchungaji unayemwamini na umwone daktari pia. Kumwona daktari si kukosa imani.

Kwa kuwa hofu nyingi ya aina hii ilipandwa utotoni, nawaomba wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili: msitumie unyakuo kama fimbo. "Ukiendelea na utundu huo Yesu akija atakuacha" ni neno linalokaa ndani ya mtoto kwa miaka, na haliwi njia ya kumfundisha kumpenda anayekuja. Waambieni watoto ukweli, pamoja na hukumu, kadiri ya umri wao, lakini anzeni na Ufunuo 21: Mungu atakaa pamoja na watu wake, atafuta kila chozi, wala mauti haitakuwapo tena. Wakiuliza ni lini, wajibuni kwamba Baba anajua. Mnyama na namba yake wanaweza kusubiri mpaka watoto wakue.