Ukichanika wakati wa kujifungua usinyamaze

Kuna dada kaniandikia inbox juzi, kajifungua salama, mtoto mzima, ila yeye akicheka tu ushuzi unamtoka wenyewe, hata kanisani kaacha kwenda, na wifi yake kamwambia ndo uzazi huo, utazoea. Azoee nini sasa? Dada, nenda kwa daktari wa wanawake akupime msuli wa haja kubwa, huenda ulichanika, na mtajie hilo jambo kwa jina lake.

Mimi najua ninachosema. Mtoto wangu wa kwanza alikuja na kilo 4.2, uso unatazama juu badala ya chini, na kusukuma kukawa hakuishi. Uzazi wa kwanza, mtoto zaidi ya kilo 4, kakaa vibaya, kusukuma kwa muda mrefu, yaani vyote vinavyochanisha nilikuwa navyo. Nesi mmoja anafoka sukuma, mwenzie kanikandamiza tumbo kwa kiwiko, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wa 2018 wamekikataa kabisa. Nikachanika mpaka msuli wa haja kubwa, daraja la tatu hilo, la nne linafika kwenye utumbo wenyewe. Ile inatakiwa kushonwa thieta na ganzi ya maana, mimi nilishonwa palepale kitandani kwa tochi ya simu huku naambiwa wenzio mbona hawapigi kelele. Sijasamehe bado.

Ya katikati nayaruka. Mtoto wa pili daktari alinipima msuli kwanza, na leba nikaingia na mdomo wangu, kila anayeshika zamu namweleza. Nikapata mkunga, Mungu ambariki, kitambaa cha maji ya moto kwenye msamba, yaani pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, kichwa kilivyoanza kutokeza akaniambia acha kusukuma, hema kwa mdomo haa haa haa, akakishika kitoke taratibu. Nilichubuka tu!

Kwa hiyo mama, sema. Sema kliniki, sema leba, usiogope kuitwa mjuaji. Kuongezewa njia nako uliza sababu, siyo kila mzazi akatwe. Ukishashonwa kula papai, kunywa maji, choo kisikaze, na anayekukanda asiguse nyuzi. Halafu sema tena. Mkojo au haja ikivuja yenyewe muda wote hata umelala, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, inawapata hasa waliokwama na uchungu muda mrefu, na hospitali ya CCBRT pale Dar wanaitibu bure.