Uzito umepanda, mbona urefu bado?

SWALI: Mshauri, hujambo? Binti yangu ana miaka 3. Mwaka jana alikuwa akiharisha kila mara, tumbo limejaa na miguu imekonda, tukadhani ni minyoo. Mwezi wa kwanza alipimwa damu, kisha wakampitishia mrija wenye kamera na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Wakasema ni ugonjwa wa siliaki, tuondoe ngano yote. Siku hiyo alikuwa na kilo 9.8 na urefu wa sentimita 83. Sasa ni miezi mitano, ana kilo 11.6 na sentimita 86. Kuhara kumeisha, lakini akisimama na wenzake hapa plotini bado ndiye mfupi kuliko wote. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema mtoto anadumaa kwa kunyimwa chakula, na Jumapili tukipika chapati humkatia kipande. Mkate usio na ngano niliouona supamaketi hatuuwezi kwa bei. Je, atarefuka?
Mama Imani, Umoja

JIBU: Mama Imani, sijambo. Hizo namba zako nimezisoma kwa furaha, na nataka uzione ninavyoziona mimi.

Mtoto wa umri wake huongeza kilo 2 hivi kwa mwaka mzima. Imani ameongeza 1.8 kwa miezi mitano. Mwili wake umeanza kunyonya chakula. Gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, ilikuwa ikiuchochea mwili kushambulia utumbo wake mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vikalala. Alikuwa anakula, lakini chakula kinapita tu. Sasa vinasimama tena.

Urefu huja nyuma ya uzito. Katika umri huo mtoto hurefuka sentimita 7 hadi 9 kwa mwaka, kwa hiyo sentimita 3 kwa miezi mitano zinaonyesha kwamba amerudi kwenye mwendo wa kawaida. Kufidia alichopoteza ni hatua inayofuata, na mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Waliogunduliwa wakiwa wadogo ndio hufidia vizuri zaidi, na Imani ni mmoja wao. Usimpime kwa watoto wa plotini. Mpime kwa mstari wake mwenyewe kwenye kijitabu cha kliniki, asimame bila viatu, kila baada ya miezi mitatu.

Sasa hicho kipande cha Jumapili. Hapa sitalegea, Mama Imani. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gramu 2 hivi za gluteni, au zaidi. Miligramu 50 tu kwa siku, yaani sehemu ndogo sana ya kipande hicho, zimeonekana kuharibu utumbo wa wenye ugonjwa huu. Tena mtoto anaweza asiharishe hata kidogo baada ya chapati, mkadhani imempita salama, kumbe ndani utumbo unaumia na urefu unasimama.

Bibi yake hana nia mbaya; kwake kumpa mtoto chakula ndiko kumpenda. Usigombane naye. Mwombe aende nawe kliniki siku ya kupimwa, na daktari amwonyeshe mstari ulivyokuwa umelala na ulivyoinuka tangu ngano iondoke. Unaweza pia kumsimulia habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 mkate ulipoadimika, wagonjwa wake wa siliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Kisha mpe bibi kazi: yeye ndiye awe mpishi wa githeri ya Imani.

Huo mkate wa supamaketi uache, hauuhitaji. Ugali wa mahindi, wali, viazi, nduma, ndizi, muhogo, maharagwe, ndengu, mayai, omena, nyama: vyote hivyo havina gluteni. Ninachokihofia zaidi ni unga wa uji wa kuchanganywa. Wauzaji wengi hutia ngano pamoja na wimbi na soya, na mashine ya posho iliyosaga ngano ya mteja aliyetangulia huacha unga wake ndani. Nunua wimbi la nafaka, lichague, usage kwenye mashine isiyosaga ngano kabisa. Soseji na smoki mara nyingi zimetiwa unga wa ngano, vinywaji vya kimea vina shayiri, na chipsi za kibandani hukaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa. Siku mnayopika chapati, chakula cha Imani kipikwe kwanza na kifunikwe, na awe na mwiko wake, maana wa mbao haung'oki unga vizuri.

Mwezi ujao mwombe daktari arudie kipimo cha kingamwili, yaani askari wa mwili walioamshwa na gluteni, pamoja na wingi wa damu na madini ya chuma. Kingamwili zikiwa zinashuka, mko njiani hata kama hazijafika kawaida. Huweza kuchukua zaidi ya mwaka. Zisiposhuka, kuna ngano inayoingia mahali.

Kwa wasomaji wengine wenye mtoto asiyenenepa: sababu ni nyingi, na siliaki ni mojawapo tu. Msiondoe ngano kabla ya kupima, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuacha ngano anaweza kuonekana mzima kwenye kipimo.

Na kama Imani ana ndugu, Mama Imani, wao pia wapimwe, hata kama hawaharishi, na wewe na baba yake vilevile. Karibu mmoja kati ya kumi wa ndugu wa damu wa karibu huwa nao. Wapimwe wakiwa bado wanakula chapati.