Mafaili matatu, mgeni mmoja

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mshika fedha wa kikundi cha akina mama wa mwani, Jambiani. Akiba yetu iko benki. Mwenzetu mmoja kasema hatari za benki katika nchi kama yetu zimebadilika, si mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, peke yake. Zimebadilika vipi, na sisi tuangalie nini?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Kasema kweli. Mikopo chechefu bado ipo, ila siku hizi huharibika kwa mkupuo. Zamani sisi maafisa mikopo wa benki tulimpima mkopaji mmoja mmoja: dhamana yake, biashara yake, tabia yake ya kulipa. Mmoja akikwama, wengine waliziba pengo.

Machi 2020 nilikuwa na mafaili matatu mezani: hoteli ndogo ya Nungwi, nahodha anayepeleka wageni Mnemba, na muuza mboga wa Mwanakwerekwe aliyekopa kununua kirikuu. Kwa karatasi, biashara tatu mbalimbali. Ndege za watalii zilipokoma, wote watatu walinipigia simu ndani ya wiki moja. Kumbe matenga ya nyanya ya yule wa tatu yalikuwa yakiishia jikoni mwa mahoteli. Faili lake nililipitisha mimi, na sikumuuliza anamuuzia nani.

Wakopaji wengi kutegemea watalii hao hao, hiyo ndiyo hatari ninayoihofia zaidi hapa visiwani. Huzidi mkopo ukiwa wa dola na mkopaji anaingiza shilingi: shilingi ikishuka, deni linavimba na yeye hajakosea kitu.

Hata mali tuliyofundishwa kuiita salama imetikisika. Ghana, kuanzia Desemba 2022, serikali ilibadilisha masharti ya hati fungani zake, yaani hati za mikopo ambayo serikali yenyewe imekopa, na benki zilizozishika zikapata hasara kubwa. Kasi ya wateja kutoa fedha nayo imeongezeka. Marekani, Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi kwa kubonyeza simu na kompyuta tu. Na sisi, intaneti inayobeba huduma hizo inategemea nyaya za baharini. Zilipokatika mbili Mei 2024, intaneti ilizorota nchi nzima.

Sasa akiba yenu. Bodi ya Bima ya Amana inalinda hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki. Kabla ya 2023 ilikuwa 1,500,000. Si jambo la kupuuza: Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji. Mkizidi kiwango hicho, gawanyeni fedha katika benki mbili. Benki hutoa hesabu zake kila robo mwaka, ziombeni tawini na mtazame uwiano wa mikopo chechefu, yaani ni sehemu gani ya mikopo yote. Benki Kuu inataka usivuke asilimia 5.

Kisha muulizeni meneja wa tawi: watalii wakikosekana miezi sita, ni wakopaji wangapi wa benki hii watakaoshindwa kulipa? Akiwa hana jibu, msiweke fedha zote hapo.