Ndoo ya sarafu na risiti yake

Swali lenu la wiki iliyopita limenikera, na kwa kuwa nimestaafu na mvua haikatiki hapa Umoja, Nairobi, nina wakati wa kulijibu kwa urefu. Mliuliza, kwa kura ya ndiyo au hapana: Wamarekani wameacha kutengeneza peni, sarafu yao ya senti moja, je, wewe ukiona shilingi moja chini huinama kuiokota, na ukiiokota, unapata sababu ya kushukuru? Mkaongeza kwamba wako watu kule wanaookota kila peni waionayo, wanasoma yale maneno ya kumtumaini Mungu yaliyo juu ya kichwa cha Lincoln, wanatoa shukrani, kisha wanaitia kwenye chupa nyumbani.

Habari ya peni yenyewe niliisoma. Sarafu hiyo imekuwepo tangu 1793, na ya mwisho ya kutumika madukani ilipigwa chapa mjini Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, kwa sababu kutengeneza peni moja kulikuwa kunakula karibu senti 3.69. Biashara hiyo hata mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeikataa. Lakini hayo ni ya kwao. Sisi senti yetu ilijiendea bila matanga. Sarafu za wanyama zilipotoka Desemba 2018, twiga kwenye shilingi, kifaru kwenye kobole yaani ya tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini, ya senti hamsini haikuwamo kabisa, na sikusikia mtu akiuliza. Kwenye bei, senti bado zipo. Kila tarehe 14 ya mwezi tunatangaziwa bei ya petroli pamoja na senti zake, halafu ukifika kwenye pampu, nani amewahi kurudishiwa?

Na shilingi yetu haimtaji Mungu. Wimbo wa taifa unamwita katika mstari wa kwanza, lakini sarafu haimtaji. Igeuze uone: ngao, simba wawili, na neno Harambee. Mkenya akilisikia neno hilo anajua ni wakati wa kushika pochi. Sarafu yetu inakwambia uchange, haikwambii ushukuru, na hapo ndipo swali lenu liliponichoma. Watu wengi niliowasikia wakisifu sarafu ndogo ni watu wenye nauli ya kurudi nyumbani. Mama mboga hapa chini ya ghorofa yetu akipewa kumi anaitazama kama kumi. Na lile duka kubwa lililokuwa likitupa switi badala ya chenji halikuwahi kukubali nilipie mkate kwa switi.

Basi nilikusudia kujibu hapana na kufunga barua. Ila kuna jambo lililotokea kanisani, na nikilieleza kwa kifupi halitaeleweka.

Nilifundisha hesabu shule za msingi, kwa hiyo kanisani nilitupiwa kazi ya kuhesabu sadaka kabla sijaulizwa. Kanisa liko Eastlands, nisiseme ni lipi. Baada ya ibada ya pili tulikuwa tukikaa wanne katika chumba cha nyuma, meza imetandikwa blanketi kuukuu ili sarafu zisibingirike wala kupigia kwaya kelele. Noti ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni sarafu. Unazitenga kwa aina, unazipanga: za ishirini tano tano, za kumi kumi kumi, kobole ishirini ishirini, kila rundo mia. Za shilingi moja tulizipanga kumi kumi kwa sababu rundo la mia halisimami. Shilingi za watoto zilifika na jasho la viganja. Humo mlikuwa na vifungo vya shati, sarafu za Uganda, na ile ya Tanzania ya shilingi 50 yenye kifaru, iliyotolewa na mtu aliyeamini kwamba sisi na Mungu hatuoni vizuri. Vitu hivyo vyote vilikwenda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliokuwa dirishani, na senti hamsini pia, kwa amri ya mweka hazina. Senti, alisema, haziandikwi kitabuni.

Jumapili moja ya shukrani, kabla ya hizi sarafu za wanyama, alikuja mama mmoja na ndoo ya rangi ya lita nne, yenye kifuniko. Tulimfahamu kwa sura tu. Alikuwa katika wale akina mama wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, wanaofagia Jogoo Road alfajiri, wenye makoti yanayong'aa, ambao madereva huwapita karibu mno. Alisubiri watu wa bahasha wamalize, akapita mbele, akaiweka ndoo sakafuni, akarudi kukaa. Hakuomba kipaza sauti. Kijana mhudumu alijaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja, ikakataa. Akaniangalia. "Mwalimu, hii ni ya watu wawili."

Tulipoifungua tulikaa kimya, na si kwa heshima. Ilikuwa saa nane na njaa imetushika. Ndoo ilikuwa imejaa karibu robo tatu, na sarafu zilikuwa zile za barabarani: nyeusi kwa lami, nyingine zimegandwa na ubani wa kutafuna, nyingine zimepondwa na magurudumu hata huoni kama ni uso wa Mzee Kenyatta au wa Moi. Tuliomba beseni jikoni, tukaziosha kwa sabuni ya unga, maji yakatoka kama ya mtaro, tukayamwaga, tukaanza upya. Mle tuliikuta hata ile sarafu ya shilingi 40 yenye uso wa Kibaki, iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kijana mmoja kati yetu, ambaye ana kibanda cha simu, alikuwa akinung'unika tangu mwanzo. "Mama angeziweka tu kwa M-Pesa atume. Hii ni adhabu." Mzee mwingine akamjibu kwamba ajenti akiona ndoo hiyo atafunga duka. Stima ikapotea saa kumi na mbili na kitu, tukamalizia kwa tochi za simu. Jumla: shilingi 4,386. Mweka hazina akaandika risiti, tukaenda zetu.

Jumapili iliyofuata alinisubiri mlangoni.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Asifiwe sana, mama."

"Risiti yangu inasema elfu nne mia tatu themanini na sita. Mimi niliwapa elfu nne mia tatu tisini. Zangu nne ziko wapi?"

Mweka hazina alikuwa karibu, na ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kobole, akasema kwa tabasamu, "Shika, mama, na chenji ubaki nayo." Yule mama hakuugusa mkono wake. "Sijaomba," alisema. "Nimeuliza ziko wapi."

Tukaingia chumbani, tukafungua kitabu, nikajumlisha tena mbele yake, ikaja ileile. Naye alikuwa na karatasi yake, ya daftari la mtoto, yenye vistari vya penseli vilivyofungwa tano tano, aina kwa aina, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko ya walimu wengine niliofanya nao kazi. Nilipofika chini ya karatasi nikaona mstari wa senti hamsini. Vistari vinane. Nikaenda dirishani nikachukua mkebe wa Kimbo, nikaumwaga kwenye blanketi. Kati ya vifungo na sarafu za majirani mlikuwa na zile za siku nyingi, zilizong'aa kwa kushikwashikwa, na nane nyeusi zenye lami.

Mweka hazina alieleza, kwa upole, kwamba benki haitazipokea, kwamba hata wauza switi hawazitaki, kwamba ndiyo sababu haziandikwi. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ziliokotwa na mgongo uleule."

Risiti ikaandikwa upya: 4,390. Ile ya kwanza ikapigwa mistari miwili na kutiwa sahihi kama inavyotakiwa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka.

Habari ilimfikia mchungaji, na mchungaji akipata habari kama hiyo unajua itaishia wapi. Alihubiri Luka 21, mjane na senti zake mbili, akamwonyesha kwa mkono, watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Baada ya ibada mama alimfuata moja kwa moja. "Baba mchungaji, mimi si mjane. Mume wangu yuko Makueni, anachunga mbuzi, na mkimwombea kifo atajua ni nani." Akaongeza kwamba wala hakutoa vyote alivyokuwa navyo, kama alivyofanya mjane wa Luka. Mshahara wake aliuacha nyumbani. "Mshahara ni wangu. Hizi ni za barabara, na mimi nilikuwa ninazitunza tu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuguswa kwa namna ileile ya mchungaji, kwa hiyo maneno hayo yalinipata pia. Nikatembea naye mpaka steji. Akanieleza kwamba ndoo aliiweka chini ya kitanda siku mtoto wake wa mwisho alipoingia kidato cha kwanza, na aliitoa siku matokeo ya kidato cha nne yalipokuja. Nikamuuliza swali lenu hasa, ingawa nyinyi mlikuwa hamjaliuliza bado: je, kila alipookota alishukuru?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama hupumua kwa kupenda. "Mwalimu, saa kumi na moja asubuhi, baridi, lori liko nyuma yangu, nishukuru nini? Natia mfukoni nafagia. Nilishukuru siku moja. Mlikuwepo."

Tangu nianze kuandika haya nimekuwa nikijaribu kuyapatanisha na lile jibu langu la hapana, nami sijafanikiwa sana. Kama shukrani ni ya kila sarafu, papo hapo, yenye maneno na uso wa unyenyekevu, basi yule mama hakuwa nayo, na bado sijaona mtu mwingine aliyeleta shukrani yenye uzito ule. Labda na hao wa chupa za peni ni vivyo hivyo. Labda nimewasema vibaya, na wanaweka tu mahali pa kuhesabia, mpaka siku ya kumwaga ifike. Siwajui. Yule mama pia simjui kiasi hicho, maana baadaye alihamishwa akafagie upande mwingine wa jiji na hatukumwona tena.

Lakini msinipeleke mbali sana na hadithi hii. Karo haikulipwa na ndoo. Ililipwa na mshahara, chama cha akina mama na basari ya kule kwao, naye alinieleza hayo bila kupunguza. Shilingi 4,390 kwa miaka minne hazingemfikisha mtoto popote, na kama zingekuwa za kununulia unga, ndoo isingejaa na mimi nisingekuwa na cha kuwaandikia. Ndiyo maana sitaki mtu achukue barua hii akamsomee mfanyakazi wake anayedai nyongeza.

Siku hizi nikienda kusaidia kuhesabu, tunamaliza kabla ya chai. Nusu ya sadaka inaingia kwa simu, na M-Pesa haihitaji blanketi. Yule kijana wa kibanda ndiye mweka hazina sasa, na mkebe wa Kimbo ameutupa, au ameupeleka kwake, sikuuliza.

Kuhusu kura yenu, niwekeni kwenye ndiyo. Huinama. Nilikuwa nikiinama hata wakati naanza barua hii kwa hasira, kwa sababu shilingi ni shilingi na nimefundisha watoto kwa miaka mingi kwamba mia bila moja ni tisini na tisa. Kama sanduku lenu lina nafasi ya maelezo, andikeni kwamba si ndani ya matatu, maana hiyo ni ya konda na jioni ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari. Si pale mtoto wa mtaani alipoiona kwanza. Na si Jogoo Road magari yakitembea, kwa kuwa goti langu la kushoto siku hizi linakwenda chini vizuri lakini kupanda linajadiliana.