Bodisi inayopanda mkono ukiinuliwa

SWALI: Fundi, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu na ninashona vazi la malkia wa Ulaya wa karne ya 16 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa wanafunzi wetu. Patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, nimeichora mwenyewe kwenye karatasi ya kaki, yenye dati (mikunjo iliyoshonwa ya kubana kitambaa) mbili za kifua, kwa vipimo vya msichana atakayelivaa. Bodisi, yaani sehemu ya gauni kutoka mabegani hadi kiunoni, humkaa vizuri akisimama, lakini akiinua mkono hupanda yote hadi mbavuni. Nimeteremsha tundu la mkono kwa sentimita 3 ili apate nafasi, na hali imezidi kuwa mbaya. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mwalimu, umekosea pale pale ulipodhani unarekebisha, na usijilaumu, kwa sababu hata mafundi wenye cherehani za miaka mingi huteremsha tundu wakidhani wanaongeza nafasi. Mkono unapoinuka, hudai urefu wa kitambaa kuanzia kiunoni hadi kwapani. Ukilishusha tundu unaufupisha ubavu wa bodisi pamoja na mshono wa chini wa mkono wa gauni, kwa hiyo urefu unaodaiwa haupo tena na bodisi nzima hulazimika kuufuata mkono. Rudi kwenye karatasi, ulipandishe tundu hadi kama sentimita 1.5 chini ya kwapa, kisha uchore upya kichwa cha mkono wa gauni, yaani sehemu yake ya juu inayoshonwa kwenye tundu, kiwe kifupi na kipana zaidi, ukihakikisha kwamba mzunguko wake unalingana na wa tundu jipya.

Kabla ya kukata tena, nunua kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, cha bei nafuu katika maduka ya Biashara Street, ushone bodisi ya majaribio, na umwambie msichana ainame, aketi na ainue mikono yote miwili kama atakavyofanya jukwaani. Kila unachobana kwa pini kihamishie kwenye patani siku hiyohiyo, la sivyo utasahau.

Ikiwa kitambaa chenyewe kimekwisha kukatwa na hakuna kilichobaki, unaweza kutia kikwapa, kile kipande cha mraba kinachoshonwa chini ya kwapa la kanzu. Hata hivyo, kwa vazi hili mimi ningeifumua mikono na kuifunga mabegani kwa kamba au utepe, huku sehemu ya kwapani ikiachwa wazi. Si ujanja wa kuficha kosa: katika karne hiyo mikono mingi ya magauni ilikuwa vipande vya pekee vilivyofungwa kwa kamba.

Kuhusu dati, ziondoe. Bodisi za wakati ule hazikuwa nazo; kifua kilibanwa kikawa bapa, na umbo lilitokana na mishono na ugumu wa kitambaa. Kiasi ambacho dati zilikuwa zikipunguza kiunoni kihamishie kwenye mishono ya ubavuni na ya katikati mbele, kisha utie kati ya kitambaa na bitana vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, ukiwa umezilainisha ncha zake zisimchome. Mtazamaji wa mstari wa nyuma hataziona dati, lakini mimi ningeziona.

Acha pia sentimita 3 za ziada kwenye kila mshono wa ubavuni, kwa maana mwakani vazi hilo litavaliwa na msichana mwingine.