Muulize Babu: Mchungaji na siasa wapi na wapi?

*Shikamoo babu. Mi fundi pikipiki hapa Chikongola, Mtwara mjini. Juzi kijiweni tumebishana mpaka magharibi, jamaa anasema viongozi wa dini wabaki na ibada zao siasa wawaachie wenyewe, nikamwambia mbona Martin Luther King alikuwa mchungaji na weusi wa Marekani wakapata haki zao, akasema yule mwanasiasa tu kavaa joho na wachungaji wenzie walimkataa. Tumewekeana pweza. Nani kashinda? Fundi, Chikongola.*

Marahaba mjukuu. Pweza wako, ila usile peke yako maana mwenzio kuna mahali kasema kweli, ntafika huko.

King alikuwa mchungaji wa kweli, baba yake mchungaji, babu yake mzaa mama mchungaji. Mwaka 1954 akapewa kanisa la Wabaptisti la Dexter Avenue, mji wa Montgomery, Alabama. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks akakamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, na hapa ndo watu wengi wanaruka: wachungaji hawakuanzisha mgomo wa mabasi, walioanzisha ni akina mama. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha usiku uleule anachapa vipeperushi kwa maelfu, Jumatatu mtu asipande basi. Wachungaji wamekuja wamekuta ngoma ishawambwa. Tena kwenye kikao wengine wakataka majina yao yafichwe, mpaka E.D. Nixon, mzee aliyekuwa mhudumu wa treni, akawafokea kwamba wanaogopa kama watoto. Ndo King akapewa uenyekiti wa kuongoza mgomo, ana miaka 26, mgeni mjini, hajapata maadui bado.

Sasa kwa nini wachungaji na sio walimu? We jiulize mshahara unatoka kwa nani. Mwalimu mweusi alilipwa na serikali ya wazungu, akifungua mdomo kazi hana. Septima Clark kule Charleston kafundisha miaka kibao, 1956 akafukuzwa kisa kakataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Dada wa kazi naye analipwa na madamu wake. Ila mchungaji mweusi analipwa na kapu la sadaka, visenti vya hao hao wafua nguo na wapishi, mzungu hana pa kumkatia. Na jengo ni lao, mnakusanyana usiku watu mamia bila kuomba ukumbi kwa mtu. Nyie watu wa korosho mnanielewa haraka, chama cha msingi chenye ghala lake hakiongei sawa na kile kilichopanga kwa mnunuzi.

Mgomo ukaenda siku 381. Kazini watu wanafikaje? Mwanzo teksi za weusi zikabeba kwa senti 10 sawa na nauli ya basi, polisi wakazibana zitoze 45 kama sheria inavosema. Wakaunda usafiri wao, magari ya watu binafsi yanazunguka vituoni kwa ratiba kabisa, na makanisa yakanunua magari yao yakaandikwa majina ya makanisa ubavuni, yaani daladala la Wabaptisti, alfajiri limejaa wapishi na mayaya wanawahi kwa madamu wale wale ambao waume zao wanaupinga mgomo. Kampuni za bima zikawafutia bima, wakaenda kuipata London. Nyumba ya King ikatupiwa bomu Januari 1956 mkewe na kichanga wamo ndani, Mungu akawanusuru. Joho la kuigiza halifiki huko mjukuu.

Haya, zamu ya mwenzio. Joseph H. Jackson alikuwa rais wa umoja mkubwa kuliko yote wa Wabaptisti weusi, na maandamano alikuwa hayataki hata kuyasikia. Mwaka 1961 wakagawana mbao, waliokuwa upande wa King wakatoka kwenda kuunda umoja wao. King kauawa 1968, baadaye Chicago wakaipa barabara inayopita kanisani kwa Jackson jina la King, unajua mzee kafanya nini? Kahamishia anwani ya kanisa kwenye mtaa wa pembeni ili jina lile lisikae kwenye barua zake! Mi kila nikiikumbuka hii nacheka mwenyewe.

Na wazungu nao, Aprili 1963 viongozi wa dini 8 wa Birmingham, hukohuko Alabama, mmoja wao rabi wa Kiyahudi, waliandika gazetini kwamba maandamano hayana busara na wakati wake haujafika. King yuko lupango, kakamatwa Ijumaa Kuu, akaanza kuwajibu kwa kuandika pembezoni mwa gazeti maana karatasi hana. Ndo ile barua inayosomwa mpaka leo.

Kwa hiyo pweza ana mikono minane, sita chukua, miwili mpe jamaa yako.

*Babu habari za kazi. Mi mwalimu Nachingwea. Kila siku tunasikia wachungaji tu, kwani mapadri na masheikh hawakuwepo?*

Walikuwepo mwalimu, ila walichelewa. Machi 7, 1965 polisi wa Alabama waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Selma, na majeruhi wengi walikimbizwa hospitali ya Good Samaritan, hospitali ya mapadri wa shirika la Waedmundi. We uko jirani na Ndanda na Nyangao, hospitali ya misheni unaijua ilivyo, siku kama ile wodi zinajaa mpaka korido. King akapiga simu nchi nzima kuwaita watu wa dini, wakaja kwelikweli, masista na shela zao, marabi, maaskofu. James Reeb, mchungaji mzungu kutoka Boston, akapigwa rungu la kichwa usiku wa tarehe 9, tarehe 11 kafariki. Padri Maurice Ouellet wa palepale Selma alikuwa bega kwa bega na weusi, zawadi yake askofu mkuu wake akamwondoa mjini mwaka huohuo.

Upande wa Waislamu mkubwa ni Malcolm X. Wengi wanamjua kwa maneno makali, ila Februari 4, 1965 alisimama kanisani, ndio, kanisani Selma akahutubia, King yuko jela, na akamwambia mke wa King kwamba hakuja kumharibia mumewe, wazungu wakiona mbadala ni yeye watamsikiliza King kwa haraka zaidi. Siku 17 baadae akauawa. Miezi michache kabla, Oktoba 1964, alikuwa Dar na akaonana na Mwalimu Nyerere.

*Babu, bibi yangu Masasi anasema walikuwa na askofu mzungu alofukuzwa Afrika Kusini kwa kutetea weusi. Kweli au hadithi?*

Kweli, ila hakufukuzwa, shirika lake la kitawa ndo lilimrudisha Uingereza 1956. Anaitwa Trevor Huddleston, Mwanglikana. Alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akapinga sana serikali ilipowahamisha weusi kwa nguvu na kubomoa nyumba zao. Kuna dogo mmoja wa shule pale alimtafutia tarumbeta yake ya kwanza, ndo huyo Hugh Masekela, mpiga tarumbeta maarufu. Masasi kawa askofu 1960 mpaka 1968, miaka ileile ya Birmingham na Selma. Sasa we kaa na bibi, mwambie akusimulie askofu mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, uandike, ulete humu.