Akiba haiozi, mbona yetu inaoza?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka sita katika ndoa na watoto wawili, wa pili hajatimiza miaka miwili. Mwaka jana mume wangu alijiunga na duka moja kubwa la jumla, yale yaliyo kama ghala, ambayo huingii bila kadi ya uanachama. Tangu hapo, kila mshahara ukiingia tunakwenda na kurudi na gari limejaa hadi dirishani. Mume wangu husoma sehemu ya chini ya risiti inayoonyesha tumeokoa kiasi gani, na uso wake hung'aa. Lakini shangazi, ikifika tarehe 15 nyumba haina hela ya mboga wala nauli, na mara mbili nimekopa kwa dada yangu bila mume wangu kujua. Friza imejaa nyama tusiyojua ni ya mwezi gani. Mchele umeingia fukusi. Katoni mbili za nepi zimebaki na mtoto ameshaizidi saizi ile. Vinavyoharibika navitupa usiku akiwa amelala, kwa kuwa naogopa kumvunja moyo. Wiki iliyopita alikuta jibini nzima kwenye pipa la taka. Akaniambia sina shukrani, najua kula tu, sijui kutafuta. Alikulia katika nyumba iliyokuwa ikilala njaa, na najua hilo linamuuma. Sasa anataka tununue friza ya pili. Ni kweli kununua kwa wingi kunaokoa pesa, au tunajidanganya? Na mimi ndiye mwenye makosa?*

*Mama wa Wawili*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unapotupa chakula usiku huku mumeo amelala. Naomba nianzie hapo, ingawa wewe umetanguliza habari za pesa.

Mumeo anapiga hesabu kwa risiti, wewe unapiga hesabu kwa pipa la taka. Kila mmoja ameshika nusu ya daftari, na nusu yako umeificha. Mtu asiyeona kilichotupwa ataamini kwamba kila alicholeta kililiwa, na akiamini hivyo kwa nini asilete zaidi? Hata hiyo friza ya pili imetoka humo: kwa macho yake, ile ya kwanza imejaa kwa sababu mambo yanakwenda vizuri. Kosa lako ni hilo, na silioni jingine. Yeye naye ana deni la kukuomba radhi kwa neno alilokutupia, kwa sababu anayepika, anayepanga na anayekopa ili watoto wafike shule hakai kula tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi daftari mnalo, mmelichana vipande viwili.

Wala usijione peke yako katika aibu hii. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 majumbani kulitupwa tani milioni 631 za chakula, zaidi ya maduka na mikahawa kwa pamoja.

Sasa swali lako. Kununua kwa wingi kunaokoa pesa, ndiyo. Sitaki umwendee mumeo ukidhani umeolewa na mtu aliyetapeliwa. Maduka haya yanauza nafuu kwa sababu zinazoeleweka. Hayapambi rafu, bidhaa zinakaa kwenye makasha yaliyokuja nayo, na aina za bidhaa ni chache. Costco, kubwa kuliko yote ya namna hii duniani, huweka aina za bidhaa zisizofika 4,000, wakati supamaketi kubwa ya kawaida ina makumi ya maelfu. Anayenunua aina chache kwa wingi mkubwa hupewa bei nzuri na mtengenezaji, na sehemu kubwa ya faida yake huipata kwenye ada za wanachama.

Ila hawa hawakuanza kwa ajili ya familia kama yako. Price Club, duka lililoasisi biashara hii, lilifunguliwa na Sol Price mwaka 1976 mjini San Diego, Marekani, katika jengo lililokuwa banda la ndege, na wanachama wake wa mwanzo walikuwa wenye biashara. Kwa hiyo ukishika ndoo ya mchuzi wa nyanya isiyoingia kwenye jokofu lako, jua kipimo kile kiliwekwa kwa mtu mwenye mgahawa, anayeimaliza kabla ya Jumamosi. Ninyi ni wanne, na mmoja bado ananyonya au ndiyo kwanza ameacha.

Chukua kalamu. Tuseme kitu ambacho kwingine kingegharimu 100, ghalani mmekipata kwa 80. Risiti inasema mmeokoa 20, na haisemi uongo. Mkitupa robo yake, mmelipa 80 kwa kitu cha 75. Hapo hamkuokoa, mmepoteza 5, na risiti haitawahi kuwaambia. Nafuu ikiwa asilimia 10 na mkatupa sehemu moja ya kumi, mmerudi pale pale mlipoanzia, pamoja na mafuta ya gari na siku nzima ya mapumziko. Kisha kuna ada ya kadi. Kama nafuu yenu halisi ni asilimia 10, manunuzi ya kiasi cha ada mara kumi ndiyo kwanza yanairudisha. Ikiwa asilimia 5, ni mara ishirini. Na nafuu yenyewe msiipime kwa bei ya pakiti. Gawanya bei kwa kilo, lita au idadi ya vipande, kisha linganisha na duka la karibu, hasa wakati wa ofa. Utashangaa mara ngapi pakiti ndogo iliyoshushwa bei inalishinda gunia.

Lakini mwanangu, hata kama hakuna kinachooza, nyumba yenu ingeumia bado, na hili ndilo ningependa mumeo alisome mwenyewe. Tatizo lenu kubwa ni tarehe 15. Mshahara ni wa mwezi mmoja, ninyi mnanunua sabuni ya miezi sita. Ile pesa ya miezi mitano ya sabuni iko kabatini, imegeuka sabuni, na kondakta hapokei sabuni. Nyumba inayokopa katikati ya mwezi haina sababu ya kuwa na stoo iliyojaa mwanzoni mwa mwezi. Dada yako hakutozi riba, mshukuru. Siku mtakapokopa kwa mtu anayetoza asilimia 10 kwa wiki mbili, nafuu yote ya ghalani itakwenda kwake.

Kwa hiyo ningependa mbadilishe mpangilio. Mshahara ukiingia, kwanza tengeni nauli, ada za watoto, umeme, na hela ya mboga na matunda ya wiki zote nne, iliyogawanywa wiki kwa wiki. Kinachobaki ndicho kiende ghalani. Mwezi wa kwanza msiende kabisa. Kuleni stoo. Toeni kila kitu, kikae mezani na sakafuni, na mumeo awepo, aone kwa macho yake. Andikeni kilichopo, bandikeni karatasi mlangoni mwa kabati, na kila kinachoisha au kutupwa kiandikwe hapo, na yeyote aliyekimaliza au kukitupa. Mwisho wa mwezi mtajua mnakula mchele kilo ngapi. Nimeona watu wengi wakinunua kwa kukisia, na kisio la mtu mwenye toroli kubwa mbele yake siku zote ni kubwa.

Kuhusu nini cha kununua, mimi nina msimamo. Sabuni, karatasi za chooni, chumvi, sukari, mchele mweupe, maharage makavu, tambi: nunueni hata mzigo mkubwa kama hela inaruhusu, kwa kuwa vikikaa pakavu vinavumilia. Mchele usiokobolewa si ndugu wa mchele mweupe. Bado una mafuta yake, na baada ya miezi sita hivi huanza kunuka. Unga wa ngano nzima na karanga vivyo hivyo. Viungo vya kusagwa msiviguse kwa kopo kubwa. Mimi niliwahi kununua moja, na baada ya mwaka nilikuwa natia vumbi la rangi kwenye chungu, harufu hakuna. Mafuta ya kupikia chagueni chupa kadhaa ndogo badala ya dumu moja, maana yakifunguliwa hewa huanza kuyaharibu. Nepi msizidishe katoni moja, mtoto hasubiri.

Fukusi walioko kwenye mchele wako mara nyingi walikuja nao, wakiwa mayai. Mchele ule si sumu: pepeta, osha, pika. Ujao, uweke kwenye friza kwa siku nne kabla ya kuumimina kwenye chombo kinachofunga kabisa. Na kabla hujatupa kitu kwa sababu ya tarehe, soma maneno yaliyo mbele ya tarehe hiyo. "Bora kabla ya" inazungumzia ladha na ubora, na chakula kikavu au cha kopo mara nyingi kinalika baada yake. "Tumia kabla ya" inahusu usalama, hiyo iheshimu. Jibini ngumu yenye ukungu upande mmoja unaweza kuikata sentimita mbili na nusu kuzunguka ukungu, ukala iliyobaki. Jibini laini tupa yote.

Friza ya pili, hapana. Nasema hapana hadi ile ya kwanza mmeiona chini yake. Friza hula umeme kila siku, iwe na nyama nzuri au nyama iliyosahaulika. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia nyama isioze, haizuii ikakauka na kupoteza ladha. Ya kusaga ni nzuri kwa miezi mitatu hadi minne, kuku wa vipande hadi tisa. Mkirudi na pakiti kubwa, igaweni siku ile ile kwa kiasi cha mlo mmoja, mwandike tarehe, na ya zamani ikae juu. Mlichonacho sasa kisicho na tarehe ndicho mlo wa mwezi huu.

Kama mzigo bado ni mkubwa kwenu, dada yako yupo. Mwandikieni orodha, atoe pesa yake kabla hamjaondoka, mgawane siku ile ile kwa risiti. Mkisema "utatupa baadaye", mtapoteza na udugu.

Sasa, utamwambiaje? Usimwambie siku ya kwenda dukani, wala tarehe 15 hela ikiwa imeisha. Tafuta jioni watoto wamelala. Anza na deni la dada yako, kwa sababu hilo hajui na ndilo zito. Kisha mwambie kwa nini ulikuwa unatupa usiku: kwamba uliona anavyofurahi ukashindwa kumwondolea furaha ile. Umeniandikia kwamba alikulia katika nyumba iliyokuwa ikilala njaa. Mwanangu, kwa mtu wa namna hiyo kabati lililojaa ni ahadi kwa watoto wake. Ukimwambia "unapoteza pesa", atasikia kwamba ameshindwa kulea. Mwambie watoto hawa hawajalala njaa hata siku moja, na ni kweli, na umshukuru kwa hilo kabla hujafungua daftari. Kadi abaki nayo yeye. Karatasi ya kabatini ishike wewe. Dukani nendeni pamoja, na hiyo karatasi mkononi.

Na zile katoni mbili za nepi, kama hazijafunguliwa, itafute risiti: maduka mengi ya aina hii hupokea bidhaa iliyorudishwa nzima. Wakikataa, mpelekee mama yeyote mwenye mtoto mdogo wiki hii hii, kabla wa kwake naye hajakua.